Dabo spesi imenishinda: mbona nafasi kati ya mistari haitulii kwenye Word?

"Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Mombasa na naandika projekti yangu kwa Word. Supavaiza amesema maandishi yote yawe dabo spesi, marejeleo yawe singo. Nimeselekti kila kitu nikabonyeza 2.0 lakini kati ya paragrafu na paragrafu kuna pengo kubwa kuliko lile la kati ya mistari, na kuna sehemu nilizokopi kutoka kwa intaneti hizo zimekataa kabisa kufanana na zengine. Rafiki yangu akanambia nieke Exactly, nilipoeka mistari ikakaa sawa lakini grafu zangu zikapotea, kimebaki kijiutepe tu. Nikarudisha vile ilivyokuwa. Kisha nikapeleka saiba kuprinti, kwangu zilikuwa kurasa 52, kule zikatoka 57 na vichwa vyengine vimebaki peke yao chini ya ukurasa. Kuna anayenambia Word yangu ni ya kukraki ndio maana, niifute niinstoli upya. Nasabmiti wiki ijayo. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa pesa za kuprinti zilizokwenda bure. Kwanza tuliondoe hilo la Word ya kukraki, yaani iliyofunguliwa bila leseni, maanake ndilo litakalokupotezea siku nzima bila faida. Word ya kukraki ina shida zake, yaweza kukuletea virusi, yaweza kukataa kufunguka siku ile ile ya kusabmiti, na sikushauri uitegemee wakati Word ya kwenye intaneti ni ya bure ukiwa na akaunti na LibreOffice nayo ni ya bure kabisa. Lakini nafasi kati ya mistari haihusiani na leseni hata kidogo. Ukiifuta, ukainstoli upya, ukafungua faili lile lile, utakuta pengo lile lile liko pale pale, kwa sababu limeandikwa ndani ya faili lako wewe. Kwa hivyo iwache Word ilivyo, hapa hakuna kilichoharibika.

Ulivyoeleza, naona wewe una mambo kadhaa yameingiliana na wewe wayaona ni jambo moja. Pengo la paragrafu lina sababu yake, zile sehemu ulizokopi zina sababu yake, grafu zina yake, na zile kurasa tano zilizozidi saiba zina yake. Tukiyatenganisha utaona kila moja dawa yake ni fupi. Ila nataka uelewe kwanza Word yafikiria vipi, maanake nikikupa vitufe tu vya kubonyeza utarekebisha leo na kesho kutwa supavaiza akikurudishia na mabadiliko utaanza kuhangaika tena.

Kwenye Word kuna umbali wa aina mbili, na kila mmoja una mahali pake pa kurekebisha. Kuna umbali wa mstari na mstari ndani ya paragrafu moja, huo ndio unaobadilika ukibonyeza 1.0 au 1.5 au 2.0. Halafu kuna umbali unaoongezwa kabla na baada ya paragrafu nzima, na huo hupimwa kwa pointi, pointi 72 ndio inchi moja. Ulipobonyeza 2.0 uligusa ule wa kwanza peke yake. Ule wa pili uko pale pale kama Word ilivyokueka tangu ulipofungua dokumenti mpya, na wewe hukuuomba wala hukuambiwa. Zamani, Word 2003 kurudi nyuma, dokumenti mpya ilikuja na singo spesi na sifuri baada ya paragrafu, ndio maana wakubwa wetu walizoea kupiga Enter mara mbili wapate pengo. Ilipokuja Word 2007 Microsoft wakabadilisha, wakaeka mistari 1.15 na pointi 10 baada ya kila paragrafu. Word 2013 wakabadilisha tena ikawa 1.08 na pointi 8. Kwa hivyo ukieka dabo juu ya hizo pointi 8, mistari inaachana sawa ndani ya paragrafu, ukifika mwisho wa paragrafu pengo linazidi. Hilo ndilo uonalo. Na kama juu ya hapo una mazoea ya kupiga Enter mara mbili, basi waongeza mstari mtupu mzima wa dabo pamoja na pointi zake nane, pengo lawa kama mlango.

Hebu nikuonyeshe kwa hesabu maanake hesabu hii itakueleza hata mambo ya kurasa. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, hiyo ni kama pointi 842. Toa inchi moja juu na inchi moja chini, zabaki pointi 698 za kuandikia. Times New Roman ya 12, singo yake kwenye Word ni karibu pointi 13.8, haiwi 12 kamili kwa sababu kila fonti, yaani aina ya herufi, ina kipimo chake cha kupumua juu na chini alichokieka aliyeitengeneza. Ukieka singo waingiza mistari 50 kwa ukurasa, ukieka 1.5 waingiza 33, ukieka dabo ni pointi 27.6 kwa mstari kwa hivyo waingiza 25. Sasa chukua ukurasa wenye paragrafu nne. Pointi nane mara nne ni 32, tayari umekula zaidi ya mstari mmoja wa dabo. Kwenye kurasa hamsini hizo ni kurasa mbili na kitu zimeliwa na pengo ambalo hakuna aliyelitaka.

Na hapo pia niseme kwa nini supavaiza ataka dabo, maanake wanafunzi wengi waona ni mambo ya kupamba tu. Tangu enzi za taipureta, dabo spesi ilikuwa ni kumuachia msomaji nafasi ya kuandika kwa kalamu kati ya mistari. Taipureta za kawaida zilipiga mistari sita kwa inchi, dabo ikawa mistari mitatu kwa inchi, yaani pointi 24 kwa mstari. Dabo ya Word kama ulivyoona ni 27.6 kwa Times New Roman, na kwa Calibri ya 12 yapita 29, kwa hivyo wanafunzi wawili wenye maneno sawa sawa na dabo sawa sawa waweza kuwa na idadi tofauti ya kurasa kwa ajili ya fonti tu. Ukiambiwa dabo bila maelezo mengine, eka "Double" ya Word, ndiyo inayotarajiwa na karibu kila mtu.

Sasa sehemu ulizokopi. Fungua faili lako, nenda tabu ya Home, tafuta kile kialama kinachofanana na P iliyogeuzwa, au bonyeza Ctrl na Shift na 8. Utaona vialama vimetokea kote. Kile cha P iliyogeuzwa kiko mwisho wa kila paragrafu, na hicho kialama ndicho kinachobeba habari zote za paragrafu yake, dabo au singo, pointi za kabla na baada, imeelekea kushoto au katikati. Ukikopi paragrafu kutoka kwa intaneti na kialama chake kikaingia, habari zake zote zimeingia nazo. Mara nyingi kurasa za intaneti huleta nafasi ya kabla na baada iliyoandikwa "Auto", hiyo hata ukiitafuta kwa kubonyeza 2.0 hutaipata maanake haiko huko. Pengine utaona pia kimshale kilichokunjika kuelekea kushoto badala ya kile kialama. Hicho ni cha Shift na Enter, maana yake mstari umekatwa lakini paragrafu haijaisha. Wanaoyajastifai maandishi yao, yaani kuyalinganisha kingo za kushoto na kulia, hicho ndicho kinachovuta maneno matatu yakaenea mstari mzima kama yametawanywa.

Kuanzia leo ukikopi kitu usipesti kwa Ctrl na V moja kwa moja. Bonyeza raiti-klik, chagua kile kijipicha chenye herufi A peke yake, "Keep Text Only". Maneno yaingia matupu, yachukua sura ya pale ulipo. Na mwanangu, uliyokopi hayo yaandike kwa maneno yako na utaje mwenyewe, maanake mtu anayesoma projekti kila siku paragrafu iliyokopiwa aiona hata kabla ya kuisoma, kwa huko huko kukaa kwake tofauti.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni staili. Wewe sasa hivi warekebisha paragrafu moja moja kwa mkono, na projekti ya kurasa hamsini ina mamia ya paragrafu. Ni kama mtu ataka kufunga maji ya nyumba nzima akaanza kuzunguka chumba kwa chumba kukaza mabomba wakati koki kubwa iko nje pale kwenye mita. Staili ndio koki. Kila paragrafu kwenye Word ina staili yake, kama hukuchagua basi yako inaitwa Normal, na ukibadilisha staili kila paragrafu iliyo chini yake yafuata. Isipokuwa zile ulizozikaza kwa mkono, hizo zashikilia vile ulivyozikaza. Ndio maana kuna watu wabadilisha staili wakaona sehemu zengine hazikutikisika, wakasema staili hazifanyi kazi. Zafanya, ni wao walishaziamuru zile paragrafu vyengine.

Basi kazi yenyewe yaenda hivi. Kabla ya kitu chochote fanya "Save As", ulipe faili jina jengine, ile ya zamani usiiguse tena. Hili nalisisitiza kwa sababu hatua zinazofuata zagusa dokumenti nzima kwa mpigo. Kisha anza na zile Enter za ziada. Selekti kuanzia mwanzo wa sura ya kwanza mpaka mwisho wa sura ya mwisho, ukurasa wa jina na ule wa shukrani uwache nje maanake pale huenda umetumia Enter kusukuma maneno yakae katikati, ukizifuta jina lako litapanda juu. Bonyeza Ctrl na H, pale pa kutafuta andika ^p^p, pale pa kubadilisha andika ^p, bonyeza "Replace All". Ikikuuliza iendelee na sehemu ya dokumenti iliyobaki, sema hapana. Rudia mpaka ikwambie imebadilisha sifuri, na kama idadi imekwama kwenye moja au mbili hazipungui usijali, kuna pahali kama karibu na tebo Word haifuti. Kama ulikuwa watumia Enter nyingi kusukuma sura mpya ianze ukurasa mpya, zitakuwa zimerudi nyuma, kwa hivyo eka kasa, kile kimstari kinachopepesa pale unapoandika, mbele ya kichwa cha kila sura ubonyeze Ctrl na Enter, hapo sura yaanza ukurasa mpya na hata uongeze nini huko nyuma haitasogea vibaya.

Baada ya hapo ndio staili. Hapa kuna njia mbili na zote zafanya kazi. Ya kwanza ni kubadilisha Normal yenyewe: kwenye Home, raiti-klik neno Normal, "Modify", chini kushoto bonyeza "Format" kisha "Paragraph", eka "Before" sifuri, "After" sifuri, "Line spacing" eka "Double", "OK". Ni haraka na kwa barua au asainimenti ya kurasa tano ndiyo nitakayokwambia. Ila ubaya wake ni kwamba staili nyingi zazaliwa kutoka kwa Normal, kwa hivyo ukiieka dabo hata maandishi ya ndani ya tebo, maelezo ya chini ya picha, na pengine vichwa, vyaweza kuvutwa navyo. Wewe una projekti yenye grafu na bila shaka una tebo, kwa hivyo mimi ningekutaka upite njia ya pili, utengeneze staili yako ya maandishi. Eka kasa kwenye paragrafu moja ya kawaida, irekebishe hiyo moja tu iwe vile supavaiza atakavyo, fonti, dabo, sifuri kabla, sifuri baada. Kisha kwenye kile kisanduku cha staili bonyeza kimshale cha chini kabisa, "Create a Style", ipe jina, hata ukiiita Maandishi ni sawa. Sasa raiti-klik Normal, utaona sentensi yaanza na "Select All", bonyeza hiyo, paragrafu zote za Normal zitawaka, kisha bonyeza hiyo Maandishi yako. Zikiwa bado zimewaka bonyeza Ctrl na Q, hiyo ndiyo yazilegeza zile zilizokazwa kwa mkono zifuate staili.

Jihadhari na hiyo Ctrl na Q, usiibonyeze halafu ukaondoka. Yafuta mapambo yote ya paragrafu yaliyoekwa kwa mkono, kwa hivyo kitu ulichokieka katikati kitarudi kushoto, na orodha za nambari zaweza kupoteza nambari zake. Ndio maana nimekwambia ufanye Save As. Pitia ukurasa kwa ukurasa, kilichohama kirudishe, tebo ziselekti uzirudishe Normal, na ukurasa wa jina utazame kwa makini maanake nao huenda ulikuwa Normal. Ni kazi ya kukaa na chai, haina haraka, lakini ukishaimaliza siku supavaiza akisema sitaki dabo nataka 1.5, wabadilisha pahali pamoja na projekti nzima yafuata.

Tuje kwa grafu. Rafiki yako alikuwa na nia njema, ila "Exactly", ile iliyo pale kwenye "Line spacing", ni amri kali. Umeiambia Word kila mstari uwe na urefu huu na usizidi hata kikiingia nini. Grafu ikiingizwa kati ya maandishi Word yaihesabu kama herufi moja kubwa iliyokaa kwenye mstari, na mstari umeambiwa uwe, tuseme, pointi 24 basi, kwa hivyo kinachoonekana ni kile kipande cha chini cha pointi 24, kilichobaki kimefichwa. Grafu yenyewe iko nzima, haijakatika. Ikikutokea tena, bonyeza juu ya kile kijiutepe kisha Ctrl na 1, paragrafu ya hiyo picha yarudi singo na grafu yajitokeza yote. Picha na grafu siku zote zieke kwenye singo, tena zikae peke yake kwenye paragrafu yake. Kuna "At least" ambayo ni pole zaidi, hiyo yasema mstari usipungue hapa lakini kikija kitu kirefu upanuke.

Na hapa naongeza jambo ambalo kwetu huku latokea sana hata kama wewe hukuuliza. Watu wengi hapa waandika dokumenti zenye Kiswahili na Kiarabu pamoja, hotuba za Ijumaa, noti za madrasa, tenzi. Ukiingiza aya ya Kiarabu katikati ya paragrafu, mstari ule mmoja waachana na wenzake, kwa sababu fonti nyingi za Kiarabu zina urefu mkubwa wa mstari ili irabu za juu na za chini zipate pahali. Mtu akiona hivyo akimbilia Exactly, mistari yalingana lakini fatha na shada zakatika juu au zavaana na mstari wa pili, na kwenye Kur'ani hilo si la kuchezea. Aya ipe paragrafu yake yenyewe, itengenezee staili yake, eka singo au "At least" na pointi kiasi kabla na baada. Maandishi ya Kiswahili yabaki na dabo yake bila kuvurugwa.

Sasa zile kurasa tano. Word haihifadhi kurasa ndani ya faili, yazipanga upya kila ikifunguliwa kulingana na fonti na mipangilio iliyopo kwenye kompyuta ile. Kama kompyuta ya saiba haina fonti uliyotumia, yachukua nyengine iliyo karibu, na hiyo yaweza kuwa nene kidogo au na mstari mrefu kidogo, kwenye mistari elfu na zaidi kile kidogo chawa kurasa. Calibri na Aptos zimo kwenye Word mpya lakini ukifungua kwa Word ya zamani sana au programu nyengine zaweza zisiwepo. Times New Roman ni salama zaidi. Na utazame ukubwa wa karatasi, nenda tabu ya Layout, "Size". Ukikuta Letter hiyo ni karatasi ya Marekani, ni fupi kuliko A4 kwa karibu pointi 50, hizo ni kama mistari miwili ya dabo kila ukurasa, na karatasi ya saiba ni A4. Badilisha iwe A4 kabla hujarekebisha chengine chochote.

Dawa yake ya uhakika ni kutopeleka faili la Word saiba. Ukimaliza, "Save As", chagua PDF, ndiyo upeleke. PDF yabeba kurasa vile ulivyoziona na kwa kawaida yabeba fonti pia. Wambie wakuprintie kwa "Actual size", wasiichague ile ya kubana iingie, na uprinti kurasa mbili tatu kwanza, moja yenye grafu, moja yenye tebo, ukiridhika ndio utoe zote.

Vichwa vilivyobaki peke yao chini ya ukurasa, nadhani umevitengeneza kwa kubold tu na kukuza herufi. Word haijui kama hicho ni kichwa, yakiona ni paragrafu fupi. Viselekti uvipe Heading 1 kwa sura na Heading 2 kwa vijisehemu. Staili hizo zina amri ndani yake ya kubaki pamoja na paragrafu inayofuata, kwa hivyo kichwa hakitaachwa nyuma tena, na utaweza kutoa yaliyomo na nambari za kurasa bila kuandika kwa mkono. Rangi ya bluu ikikukera ibadilishe huko huko kwenye "Modify".

Marejeleo ni rahisi. Yaselekti yote, Ctrl na 1 yawe singo, kisha "After" eka pointi 12 ili kati ya rejeleo na rejeleo paonekane mwanya, na Ctrl na T ili mstari wa kwanza utoke nje na mistari iliyobaki iingie ndani. Ukisikia mwenzako asema marejeleo ni dabo usishangae, APA, mtindo mmoja wa kuandika kazi za chuo na marejeleo, toleo lake la 7 lataka dabo mpaka kwenye marejeleo. Wewe umeambiwa singo, fuata ulivyoambiwa.

Kama kuna sehemu waandikia kwa simu kwenye Google Docs, mambo ni yale yale. Kwenye kompyuta nenda menyu ya Format, "Line & paragraph spacing", utaona dabo na chini yake utaona pa kuondoa nafasi baada ya paragrafu. Kwenye simu utapata kubadilisha mistari kwa kile kitufe cha A, lakini usafi wa mwisho wa projekti usiufanye kwa simu. Omba kompyuta hata kwa saa mbili.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Uliza kwa idara yako au kwa maktaba ya chuo kama wana mwongozo wa kuandika projekti, vyuo vingi vina kijitabu au faili la templeti lililopangwa tayari, na likiwepo hilo ndilo la kufuata hata kama latofautiana na nilivyosema mimi au alivyosema rafiki yako. Kama mwongozo na supavaiza wasema tofauti, mpelekee supavaiza huo mwongozo umuulize uso kwa uso kabla hujaprinti na kubaindi, usichague mwenyewe. Na kama faili lenyewe lagoma kufunguka, au laandika kwamba limeharibika, au ukisevu na kurudi wakuta kazi imepotea, hapo si mambo ya nafasi tena, wacha kulibonyeza bonyeza, likopi kwenye flashi na kwenye barua pepe yako, umpelekee fundi wa kompyuta au watu wa maabara ya chuo wakiwa wamekaa na wewe. Usimuachie mtu faili pekee ulilonalo ukaenda zako nyumbani.

Wiki moja yatosha kabisa. Leo badilisha karatasi iwe A4 na usafishe zile Enter, kesho fanya staili na vichwa, siku ya tatu pitia grafu na tebo kisha utoe PDF, na ukikwama kwenye hatua yoyote niandikie unieleze umeona nini kwenye skrini, hasa vile vialama vya mwisho wa paragrafu viko vipi pale palipokataa.